Kengele ya Mkwe Wangu

Mimi sikusoma sana. Niliachia darasa la tatu pale Myanga, na hata hilo la tatu nilikuwa naangalia dirishani. Kwa hivyo mkiona nimezunguka kabla sijafika, nivumilieni. Hata nikitumwa chumvi dukani huwa napitia kwa watu kwanza.

Maneno haya yalitokea Kitale mwaka jana, wakati wa kuvuna mahindi. Binti yangu ameolewa huko. Bwana yake anauza mbegu na viazi sokoni, na wazee wake walihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa Kati kabla yeye hajazaliwa. Ni mtu mpole, mtu wa kanisa, anapika hata chai mwenyewe. Sina neno baya juu yake. Shida yangu ni moja tu, kwamba ni mkwe wangu.

Kwetu Bungoma mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamshikani mkono. Hamkai kiti kando ya kiti. Mkikutana njiani mmoja anatoka, anaangalia chini mpaka mwenzake apite. Siyo chuki, wala hamjakosana. Mama yangu aliishi hivyo, na mimi nimeishi hivyo na wakwe wanne, na hakuna aliyekufa. Huyu wa Kitale kwao mambo ni mepesi zaidi, lakini tangu aoe kwangu alikuwa amejifunza kunisalimia akiwa mlangoni, akiangalia kuku.

Basi binti yangu akajifungua kwa upasuaji, daktari akamwambia asiinue ndoo wala asitembee mbali. Nikaitwa nije kusaidia. Kulala kwa mkwe siwezi, kwa hivyo nililala ng'ambo ya barabara kwa mjane mmoja wa kanisa lao, mama anayekoroma kama mashine ya kusaga posho lakini ana roho safi. Asubuhi navuka, naosha vyombo, nabeba mtoto mchanga, na mkwe akija natokea mlango wa jikoni. Tulikuwa tumezoeana hivyo, bila maneno.

Kazi iliyonishinda mwanzoni ilikuwa mjukuu wangu mkubwa, msichana wa miaka minane. Mama ya baba yake anamwita Cucu, mimi ananiita Kukhu, na akitaka kitu anatuchanganya wote. Huyu mtoto alikuwa anapelekwa shule na pikipiki. Watoto watano kwa pikipiki moja, mmoja amekaa juu ya tangi la mafuta kama chifu. Siku moja ikateleza kwa matope, wote wakamwagika kwa mtaro. Hakuna aliyevunjika, ni magoti tu na sweta. Lakini mjukuu wangu alikataa. Akisikia mlio wa pikipiki anashika mguu wa meza. Ukimpeleka kwa nguvu anatapika.

Mama yake na baba yake wakaanza kuongea habari ya bodingi. Muhula ujao, wakasema, aende akalale huko huko shuleni, shida ya barabara iishe. Mimi nilisikia hayo maneno nikiwa nachambua majani ya sukuma, na kisu kikasimama. Miaka minane! Mtoto bado anaongea na wanasesere. Lakini nyumba si yangu, nikaendelea na sukuma.

Mkwe wangu naye hakupenda. Jumapili baada ya ibada aliwaomba wazazi wa ule mtaa wabaki kidogo. Akasema kwa nini tusitembeze watoto pamoja, asubuhi, mtu mzima mmoja mbele na mwingine nyuma, wadogo washike kamba wasitawanyike, na wakubwa wenye baiskeli waende naye mapema. Watembee upande wa kulia wa barabara ili waone gari linalokuja. Wakina mama wakashona fulana za kitambaa cha manjano. Kamba ilikuwa ya kufungia ng'ombe, tuliiosha kwanza, lakini harufu haikuisha.

Sasa nani atakwenda mbele? Wengine wanawahi sokoni, wengine wanakamua. Mjane wangu akaninyooshea kidole. Nami, niseme ukweli, nilifurahi. Sijawahi kupewa fulana na mtu. Nyuma akakaa mjane mwenyewe, na viatu vyake vya gambuti.

Siku za kwanza zilikuwa tamu. Watoto kumi na wawili, ukungu, mahindi yaliyokauka pande zote yanapiga kelele na upepo. Niliwaambia habari za baiskeli ya marehemu mzee wangu, ile nyeusi nzito, na vile nilijifunza kuiendesha kwa siri nyuma ya soko la Myanga nikiwa tayari nina watoto wawili. Wanawake hawakuwa wanaendesha. Niligonga kibanda cha omena, wale dagaa wa ziwani. Mpaka leo mwenye omena akiniona anashika meza. Mjukuu wangu alikuwa anacheka mpaka anaachilia kamba, na mimi namwambia ashike. Hakutapika tena. Binti yangu akasema, tuone, tuone, labda bodingi ingoje.

Halafu nikaharibu.

Mkwe alikuwa anatangulia na wale wa baiskeli, anawafikisha, kisha anarudi afungue duka. Akirudi anafuata kushoto kwake kama sheria inavyosema. Na kushoto kwake akirudi ndiko kulia kwetu tukienda. Hiyo sikuwa nimeipiga hesabu. Siku zingine tulikuwa tunakutana mahali papana, penye njia ya kuingia mashambani, najitoa tu huko. Siku hiyo tulichelewa. Tukakutana penye kijia chembamba, upande mmoja ua wa michongoma, miiba yake mirefu kama sindano ya gunia, upande mwingine lami.

Ukungu ukafunguka na huyo hapo, mkwe wangu, hatua kumi, anakuja na baiskeli.

Sikufikiri. Miguu yangu imefanya hivyo miaka mingi kuliko kichwa changu. Nikatoka njia kumpisha, nikainamisha macho. Na kwa sababu michongoma inachoma, nilitokea upande wa lami. Na kwa sababu nilikuwa nimewafundisha watoto wafuate kamba popote iendapo, wakafuata. Kumi na wawili, mmoja baada ya mwingine, wakaingia barabarani na adabu yao yote.

Nyuma ya mkwe kulikuwa na lori la mahindi.

Lile lori lilipiga breki mpaka gunia moja likaruka likapasuka. Lilisimama, mimi naweza kugusa bampa nikinyoosha mkono. Moshi, harufu ya raba, watoto bado wameshika kamba. Dereva alishuka polepole. Hakutukana. Aliwahesabu watoto kwa macho, akaniangalia mimi na fulana yangu.

"Mama," akasema, "hawa unawapeleka shule ama mbinguni?"

Mkwe wangu alikuwa amesimama na baiskeli kando ya miiba, uso wake umekuwa majivu, na hata wakati huo, bana, hata wakati huo hakunikaribia. Aliwarudisha watoto kijiani kwa kuwaita majina. Tukafika shule. Tukiwa tunarudi mjane alinishika mkono njia nzima.

Watoto hawafichi kitu. Walipotoka shule tu mtaa mzima ukajua. Jioni mjukuu wangu akanikalia karibu, akaniuliza kama ninamuogopa baba yake. Nikamwambia hapana. Akaniuliza basi nilikuwa namkimbia kwa nini. Nikamwambia amalize uji.

Jumapili wazazi wakabaki tena, safari hii nyuso zimekunjwa. Walikuwa wameshaamua kwa upole. Ati Kukhu macho yake yamezeeka, asilaumiwe, ila mwingine wa kwenda mbele hakuna, kwa hivyo kamba irudi kwa ng'ombe. Binti yangu alikuwa amekaa na mtoto kifuani, haniangalii, na nilijua anafikiria bodingi, sanduku na godoro. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni kwa kanisa, ameshika fulana yake.

Ningenyamaza ingekuwa rahisi. Macho mabaya hayana aibu, kila mzee anayo. Lakini nikasimama. Nikageukia mke wa mchungaji ili nisimwangalie mkwe.

"Macho yangu yanaona mbegu ya sukuma chini," nikasema. "Mimi sikukosa kuona. Niliona vizuri sana. Nilimuona mkwe wangu, nikatoka njia."

Halafu wale wa kutoka Bungoma, walikuwa kama watatu, wakaanza kucheka kwa kuficha mdomo, kwa sababu walielewa mara moja. Wale wengine ikabidi waelezwe. Mama mmoja, mwenye duka la nyama, akashangaa.

"Si ungemsalimia tu aende zake?"

"Na wewe nikikuambia uvue kitambaa cha kichwa hapa mbele ya mchungaji, utavua?"

Akashika kitambaa chake, akakaa.

Ndipo mkwe wangu akasimama, kule nyuma kabisa, upande wa wanaume. Hakuongea na mimi. Aliongea na mjane.

"Mwambie mama," akasema, "kuanzia kesho nitapiga kengele nikiwa mbali, mara tatu. Nikifika karibu nitashuka, nisukume baiskeli upande wa lami, mimi ndiye nikae na magari."

Mjane akanigeukia kama sijasikia. "Anasema atapiga kengele."

"Mwambie na mimi," nikasema, "nikisikia kengele nitageukia michongoma. Mimi na watoto wote. Tutaangalia miiba mpaka apite."

Watu wakacheka sasa bila kuficha, lakini mwenye duka la nyama akasema tupewe wiki moja. Moja tu. Baba mmoja akajitolea kuleta panga akate miiba ya upande ule, tupate mahali pa kusimama, na Jumatatu alfajiri nilimkuta amekwisha kukata, mikono imechanika.

Basi tukaanza. Kengele inalia kwenye ukungu, kri-kri-kri, na watoto kumi na wawili wanageuka kwa michongoma, macho kwa majani, mikono kwa kamba, kimya kama wamefiwa. Mkwe wangu anapita anasukuma. Akishapita mtoto mmoja anasema, "Amepita, Kukhu," tunageuka, tunaendelea. Wakapenda sana. Siku ya pili walikuwa wanageukia michongoma kwa kila kitu, baiskeli ya maziwa, mkokoteni, hata ng'ombe.

Ijumaa ya wiki hiyo hakukuwa na kengele. Ilikuwa pikipiki, imekimbia mashimo ya barabara ikapanda kijia chetu, inakuja nyuma yetu na gunia za kabeji zimejaa pande mbili. Mimi sikuisikia, nilikuwa katikati ya hadithi ya omena. Aliyeisikia ni mjukuu wangu. Huyo ambaye mlio wa pikipiki ulikuwa unamtapisha.

"Michongoma!" akaita.

Wote wakageuka, na mimi nikageuka nao kwa sababu sikuwa na muda wa kuuliza. Kabeji zikapita zikagusa fulana yangu. Mjane kule nyuma alimwambia yule wa pikipiki maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu ni mtu wa kanisa. Mimi nilimwangalia mjukuu wangu. Alikuwa ametoa jasho puani, lakini miguu yake ilikuwa imara, na kamba hakuachilia.

"Imepita, Kukhu," akaniambia.

Jumapili hiyo hakuna aliyebaki baada ya ibada, kila mtu alienda kwake kupika. Habari ya bodingi sikuisikia tena. Godoro lililokuwa limenunuliwa la bodingi nililikuta limewekwa kwa mjane, juu ya lile langu lililokonda. Hakuna aliyeniambia nani alilileta. Niliona alama za tairi la baiskeli kwa matope ya mlango.

Binti yangu alipopona nilirudi Bungoma. Huku baiskeli ni nyingi, na nikisikia kengele bado nageukia ua, nimesimama hapo peke yangu kama mtu aliyekosana na majani. Juzi mjukuu wangu alinipigia kwa simu ya mama yake. Ati sasa yeye ndiye anashika kamba mbele kabisa ya watoto wenzake, na mjane bado yuko nyuma. Ati asubuhi baba yake akipita, watoto wengine wamezoea wanaangalia tu, lakini yeye bado anageuka.

Nikamuuliza kwa nini, na huyo ni baba yake.

"Nageuka kwa niaba yako," akasema, halafu akaenda kula.