Dafu la Bibi Gaudensia

Nimezika watu wa kila aina hapa kisiwani Bohol, Ufilipino, na sijawahi kumwonea maiti kinyaa. Maiti hana neno na mtu. Wanaonichefua ni wazima, na katika hao wa kwanza ni Mzee Prudensio, katekista wetu. Lakini yeye atangoja. Namsema kwanza Bibi Gaudensia, mkunga, niliyemchimbia kaburi Jumanne iliyopita.

Alikuwa mfupi, meno mekundu kwa tambuu, na mdomo wake haukuwa na breki. Mwanamke akipiga makelele ya uchungu alimwambia, "Nyamaza, bibi wee, siku ya kuipata hii hukulia hivi." Nusu ya kijiji tulipita mikononi mwake. Lakini uongo, hapana. Jehanamu aliiogopa kwelikweli. Mwaka mmoja alitembea nusu siku hadi parokiani kuungama kwamba alimsifia wifi yake mchuzi, na mchuzi wenyewe ulikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Watu walimcheka mpaka wakachoka.

Sasa sikiliza ninachokichukia. Kwetu mtoto aliyekufa bila ubatizo hazikwi ndani ya ukuta wa makaburi. Anazikwa nje, kando ya mtaro, wanakofukua nguruwe. Prudensio alitufundisha kwamba roho yake inakwenda limbo: haiungui, haili, hailii, ila haimwoni Mungu wala mama yake, milele. Mimi ndiye niliyekuwa nawafukia huko. Kesho yake nikipita nakuta udongo umepinduliwa, na nguruwe wanatafuna. Sisemi zaidi. Nilikuwa nikienda nyuma ya kanisa natapika, halafu Jumapili wenye nguruwe hao wananipa mkono wa amani.

Wajapani walikuwa wameondoka miaka michache tu Rufina, mke wa Telesforo mgema, alipopata mimba iliyokaa. Tatu za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya nne ikafika mwezi wa nane, na uchungu ukamshika shambani, chini ya minazi ya mumewe. Bibi Gaudensia alipofika mtoto alikuwa anatoka, buluu, anatweta. Akaita maji. Maji hayakuwapo. Kulikuwa na tembo la mnazi kwenye mianzi, na madafu.

Kila mkunga wa kwetu anajua kwamba mtoto akiwa anakata roho yeyote anaweza kumbatiza, hata mlevi, mradi ataje maneno na amwagie maji. Bibi Gaudensia alikata dafu kwa panga la Telesforo.

"Jina nani?"

"Pantaleon," akasema Rufina.

Akammiminia kichwani mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtoto akavuta pumzi mbili, akanyamaza.

Asubuhi wakaja makaburini. Pantaleon alikuwa ndani ya sanduku la sabuni, Rufina amelikumbatia. Prudensio alisimama langoni na kitabu chake, akichokonoa kipande cha samaki mkavu kwenye jino. Nyuma yake wamesimama kina mama wa rozari, wamekuja kuona.

"Alibatizwa?"

"Alibatizwa," akasema Bibi Gaudensia.

"Kwa maji?"

Neno moja lilitosha. Nilimkazia macho nikimwomba moyoni, bibi, leo tu, sema ndiyo.

"Kwa dafu," akasema.

Prudensio akatema kile kipande cha samaki. "Dafu si maji, Bibi. Dafu ni kinywaji. Kesho utatubatizia watoto kwa supu." Kina mama wa rozari wakacheka, na wote ni wazazi. Nilitaka kuwapiga na jembe.

Rufina hakucheka. "Kwa hiyo mimi nikifa sitamkuta?"

"Huko limbo hakuna mateso, mama. Shukuru." Akanigeukia. "Nasario, nje."

Nikaenda nje. Niseme nini, niliajiriwa kuchimba. Pale kando ya mtaro amelala nguruwe jike na watoto wake, wananyonya. Nikampiga teke, hakuinuka. Rufina alikuja nyuma yangu akamwona. Maziwa yalikuwa yameshalowesha blauzi yake. Akakaa chini kwenye matope, sanduku mapajani, akaanza kutikisa kichwa, na hakuacha.

Bibi Gaudensia alimtazama nguruwe, akamtazama Rufina, akatema tambuu, akamgeukia katekista pale langoni, hatua chache tu.

"Prudensio, wewe ulipokewa na nani?"

"Na mama yako, Mungu amrehemu."

"Na taa nilishika mimi. Ulitoka buluu kama huyu. Mama yako kwa uchungu alikuwa ameupiga mtungi teke, maji yote chini. Unadhani ulimwagiwa nini?"

Prudensio alifunga kitabu, kidole kikabaki ndani.

"Padri alipokuja akakupaka mafuta tu," akaendelea. "Maji hakumwaga, maana aliambiwa umeshabatizwa."

"Unasema uongo."

"Mimi?"

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanaukumbuka ule mchuzi.

"Apa," akasema Prudensio, akamnyooshea msalaba wa rozari yake. Bibi Gaudensia akaubusu msalaba.

"Naapa mbele ya Mungu. Lilikuwa dafu. Kama dafu si maji, Nasario, chimba mawili hapahapa, la pili lirefushe kidogo."

Prudensio akautia msalaba mfukoni. "Kwa kweli... kwa dharura, Mungu huangalia nia," akasema. Mama amekaa matopeni mbele yake, yeye hakuiona nia. Alipoguswa ngozi yake mwenyewe ndipo akaiona.

Pantaleon nilimzika ndani, karibu na bibi yake mzaa baba, na nilichimba kina kirefu kuliko kawaida. Njiani kurudi nilimuuliza Bibi Gaudensia, "Kweli lilikuwa dafu?"

Akaangalia nyuma kama kuna mtu. "Mitungi ilikuwa mitatu, imejaa pomoni. Maji yalibaki, tukaogea."

"Bibi. Umeapa msalabani."

"Najua nilichofanya."

"Si utaungama?"

"Padri ataniuliza kama najuta, na sijuti. Nikimwambia najuta, huo utakuwa uongo wa pili."

Miaka sita hakukaribia meza ya Bwana. Kina mama wa rozari wakasema ana hawara, na umri ule. Alikuwa akikaa benchi la mwisho, wengine wakiinuka yeye anabaki, na nilikuwa namwona anavyofuta jasho padri akihubiri juu ya moto.

Jumapili, siku mbili kabla sijamzika, aliletewa mpako mtakatifu. Nilikuwa mlangoni, nikasikia padri akimuuliza kama limebaki kosa lolote la kuungama.

"Lipo moja. Hilo sijuti, Padri, usijichoshe."

"Mama, unajua unakokwenda?"

"Najua. Naogopa sana. Sijuti."

Padri alimsihi mara tatu, akitaka hata kichwa kiinamishwe tu. Rufina alikuwa amemshika miguu. Bibi Gaudensia hakuinamisha kichwa, na alfajiri ya Jumatatu akakata roho.

Nilimchimbia kaburi ubavuni mwa Pantaleon. Prudensio ndiye aliyesoma sala za maziko, kwa sauti kubwa, bila wasiwasi wowote. Sababu yake naijua. Wiki ileile ya sanduku la sabuni alisafiri hadi parokia ya mbali, asikojulikana, akabatizwa upya, kwa maji. Binamu yangu ndiye aliyeshika beseni.