Mtoto Anayetembea Kinyumenyume

Mpasua mbao hakuogopa msumeno wa kiwandani, ule unaopasua gogo zima kama mkate. Alichoogopa Jumapili ile ni ndege. Mkewe alikuwa ameamua kwamba wao wawili na binti yao waende kutembea kwenye bustani ya miti nyuma ya hospitali, tena kwa sharti moja: hakuna porojo, wasikilize ndege. Kusikiliza!

Masikio yalikuwa yamemtupa mkono. Mashine iliyamaliza kidogo kidogo, na sasa, asipoona midomo ya mtu, aliambulia mvumo tu. Hakumwambia yeyote. Mkewe alishaapa kwamba siku atakayogundua mashine inamdhuru, atamtoa kazini kwa mkono wake mwenyewe, na mpasua mbao asiyepasua mbao ni nani? Basi akajikausha. Akiona mtu amemaliza kusema, hujibu, "Nimesikia." Neno hilo lilimvusha pengi, isipokuwa siku aliyotumwa chumvi akarudi na sabuni, akasingizia uchovu.

Huko bustanini mtoto ndiye aliyemtia kichaa. Kiherehere, kama alivyozoea kumwita, alikuwa na tabia mpya ya kumtangulia baba yake akitembea kinyumenyume, macho usoni kwake, mdomo hauna breki, na mizizi imetapakaa njia nzima. Alimwonya, akamkemea, wapi. Mara mkewe akasimama chini ya mti, akainua kidole na kumtazama kwa furaha, akisubiri amtaje ndege anayelia. Kiherehere, mgongo kwa mama yake, akagonga hewa kwa kidole, ko ko ko.

"Kigogota," baba akasema haraka. Mkewe akacheka, akaridhika.

Badala ya kushukuru, aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Akamwambia mtoto aende nyuma kwa mama yake, atembee kama watu. Midomo ya Kiherehere ikatetemeka, lakini akatii. Baba akatangulia peke yake, hatua ndefu, akishukuru kwamba sasa hakuna anayemsemesha.

Mbele njia ilipinda kupita chini ya mti mkavu. Juu yake kibarua aliyejifunga kamba alikuwa anakata tawi nene kwa msumeno wa injini. Mlio wake ulifika hadi getini, na mtu aliyeishi na msumeno miaka yote hiyo ndiye pekee aliyekuwa hausikii. Kibarua wa chini alipiga kelele kutoka upande wa pili wa shina. Mkewe aliita, akaita tena mpaka sauti ikamkauka. Yeye anakwenda tu, macho kwenye mizizi, mikono nyuma, kama tajiri anayekagua shamba lake.

Kiherehere alikata kona kupitia majani marefu, akatokeza ubavuni mwa baba yake, akainua mikono yote miwili na kuipishanisha juu ya kichwa. Ilikuwa ishara ya kiwandani: zima mashine, mtu yuko hatarini. Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwa mchezo, jikoni. Miguu ilisimama kabla akili haijauliza sababu. Tawi likaanguka mbele yake, karibu mno, vumbi likamwingia kinywani na ardhi ikamtikisa nyayo.

Mkewe alifika akihema, akamkamata shati kifuani.

"Hukusikia msumeno? Wewe?"

Akaanza kujipukuta vumbi.

"Hasikii, mama," Kiherehere akasema, machozi yanamtiririka. "Kama hakuoni hasikii kitu. Ndiyo maana natembea kinyumenyume, aone mdomo wangu."

Maneno hayo aliyasoma yote usoni mwa mwanawe, moja baada ya jingine, na yalimkata maini. Mtoto alikuwa amejua tangu lini? Na yeye akamfukuza nyuma.

Mkewe aliachia shati. Akaigeukia miti, akajifuta macho, na mabega yake yakaonyesha kwamba anasema jambo, tena refu. Kisha mabega yakatulia. Lile neno la siku zote lilikuwa tayari ulimini. Mpasua mbao akalimeza, akamgusa mkewe begani.

"Sijasikia," akasema. "Geuka uniambie tena."