Jina la Aliyeleta Mtama

Nilizaliwa wakati wa kuvuna, katika vilima vya bara ya Kilwa, enzi za Mwingereza. Bibi mzaa mama akanipa jina la mwanamke wa kale ambaye wazee walisema ndiye aliyewaletea watu mbegu ya mtama, na ndiye anayeshika mvua. Jina lenyewe silitaji. Kwetu halikutajwa ovyo. Baba, mtu wa msikitini, alinipa jingine la Kiislamu, lakini kijijini hakuna aliyelitumia.

Nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele ya utotoni, mapya hayajaota vizuri, mvua ilipokatika, mtama ukiwa umefika magotini. Majani yakajikunja kama tumbaku. Asubuhi moja wanawake walikuja uani kwetu, bibi akanitoa nje. Jirani yetu mmoja, mwenye mtoto mchanga mgongoni, akapiga magoti mbele yangu. Mtu mzima, ambaye mimi ndiye niliyepaswa kumpigia magoti.

"Shikamoo, bibi," akaniambia. "Tuombee. Maziwa yamenikauka."

Nilimtazama bibi. Akaninong'oneza, "Itikia."

"Marahaba," nikasema.

Wakanipeleka kwenye mti wa tambiko, nikamwaga unga wa mtama chini ya shina kama nilivyoelekezwa. Baba alitufuata. "Mvua ni ya Mwenyezi Mungu," alisema. "Huyu ni mtoto tu." Wanawake wakaniongezea unga kiganjani. Moyoni nilitamani wamsikilize.

Mvua haikuja. Kila jioni nilitazama mawingu, nikamsihi mwenye jina langu kwa Kimatumbi, kwa Kiswahili, hata kwa Alhamdu niliyofundishwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Tukawa tunachimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, porini. Yule mtoto mchanga akafa. Nilikwenda msibani na bibi. Mama wa mtoto alinitazama, akanisogezea mkeka nikae. Hakunilaumu. Afadhali angenipiga.

Baba akatuhamishia Lindi, akapata kibarua bandarini, nami nikaanza kuitwa kwa jina alilonipa yeye. Bibi alikataa kuondoka.

Msimu uliofuata mtama ulikubali. Mgeni kutoka kwetu akatuambia kwamba kumezaliwa mtoto wa kike, na bibi amempa jina lile. Watu walifurahi sana, alisema.

Nililia. Mama akaniuliza ninalilia nini. "Jina langu wamempa mwingine," nikamwambia.