Besi Hakuna Nchi Hii

Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mtu wa kuacha chakula. Majira ya baridi aliyokuja kukaa nami Birmingham, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, niliisoma sahani yake kila jioni kama wengine wanavyosoma gazeti. Ugali ukibaki nusu, nilijua siku yake imekuwa mbaya. Ukibaki wote, nilijua siku imekuwa mbaya na usiku utakuwa mrefu.

Baba alikuwa amefariki mwaka huo, nami ndiye mtoto wao wa pekee. Mama alikuja kwa visa ya miezi michache, lakini kulikuwa na njia ya kuomba abaki moja kwa moja, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba atabaki. Nilimwandalia chumba cha nyuma, kile chenye hita inayofanya kazi. Nilimnunulia koti refu na buti zenye manyoya ndani. Kila nilipogusia habari ya kubaki alinijibu neno moja tu: "Tutaona." Kwa Mama, hilo si ndiyo wala si hapana. Kwa hiyo nikawa naangalia sahani.

Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa ameuza samaki Naivasha. Samaki wake mkuu alikuwa besi, ndivyo tulivyomwita: mwili wa kijani uliokolea, mstari mweusi ubavuni, na mdomo mkubwa ajabu ambao pembe yake inapita jicho. Aliwauza wabichi asubuhi na wa kukaanga jioni. Karo yangu ya shule ilitoka kwenye midomo hiyo.

Jumamosi moja nilimpeleka Alum Rock, kwenye duka la samaki lililobanana na maduka ya nguo. Mama alimwinua samaki mmoja wa barafu, akafunua shavu lake kwa kidole, akamtazama jicho kwa jicho. Muuzaji akasubiri kwa adabu.

"Huyu amekufa kitambo mpaka amesahau," Mama akaniambia.

Tulimnunua hata hivyo. Alimpika vizuri, akala matonge matatu, akasukuma sahani. Hapo ndipo nikasema, bila kufikiri sana, kwamba nitamvulia samaki mwenyewe.

"Wapi, Baba?" Aliniita Baba kwa sababu nilirithi jina la baba yake mzazi.

"Kuna ziwa kwenye bustani, hapo mbele ya Perry Barr. Huwa naona watu wamekaa na fimbo."

"Na hii baridi? Si samaki wamekufa?"

"Sijui. Nitaenda nione."

Alinigeukia. Tangu ashuke kwenye ndege sikuwa nimeona uso ule, uso wa mtu anayetaka kujua jambo. Nikajiambia kwamba nikimpata samaki, nimempata Mama.

Juma lililofuata nilitafuta fimbo ya kuvulia na leseni yake, maana huku hata mnyoo huwezi kumzamisha bila kibali. Mama naye alinifungia vifaa: ndoo yenye kifuniko, magazeti ya zamani, kimfuko cha chumvi, na kisu chake cha kazi alichokuja nacho sandukuni kikiwa kimeviringishwa kwenye leso.

"Umtoe matumbo huko huko," akaniagiza. "Usiniletee uchafu kwa hii kapeti yako."

Ziwa lilikuwa dogo, la rangi ya chai isiyo na maziwa, na pembezoni lilikuwa limeshika barafu nyembamba. Wanaume wachache walikuwa wamekaa juu ya masanduku yao chini ya miavuli ya kijani, kimya kama watu walio kanisani. Nikachagua mahali pangu, nikatandaza gazeti, nikapanga kisu na chumvi, nikaweka ndoo wazi. Jirani yangu wa kushoto alikuwa akimimina chai kutoka kwenye chupa. Aliacha kumimina.

Kutoka mwavuli wa kulia akainuka mzee wa Kipunjabi, kilemba cha buluu kichwani na skafu imemzunguka hadi puani. Akanijia taratibu. Akatazama kisu, akatazama chumvi, kisha akanitazama mimi.

"Wewe natoka Kenya?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Nusura fimbo initoke mkononi. "Umejuaje, Mzee?"

"Chumvi."

Alikuwa mzaliwa wa Nakuru. Ujanani, kila wikendi, yeye na kaka yake walikuwa wakienda Naivasha kuvua besi kwa fimbo, mpaka familia yao ilipohamia Uingereza. Nilipomwambia nimekuja kumtafutia Mama besi, alicheka mpaka skafu ikamshuka.

"Besi hakuna hii nchi. Hapa iko perchi. Mdogo, iko na laini nyeusi, mdomo kubwa kubwa. Wewe nasema ni binamu yake." Kisha akaonyesha ndoo yangu kwa kidole. "Lakini hapana kula. Hii ziwa rule yake moja tu. Nashika, naangalia, narudisha."

"Sasa wanamshikia nini?"

"Miaka mingi mimi nauliza hiyo kitu," akasema. "Lakini Saturday ikifika, mimi nakuja."

Nilifunika ndoo na kuficha kisu, lakini sikuondoka, kwa sababu nilikuwa na swali la Mama: wamekufa au hawajafa? Mzee akanieleza. Damu ya samaki huwa na baridi ileile ya maji. Maji yakipoa, naye anapoa, na kila kitu ndani yake kinakwenda polepole, hata njaa. Besi wa Naivasha huruka na kukivamia chambo kama mwizi. Wa hapa wanajikusanya mahali penye kina, wanatulia, na hawatakifuata chakula hata hatua moja.

"Baridi ikikuja, yeye nakuwa kama mimi," akasema. "Chakula lazima ikuje mlango yake. Halafu wewe nangoja. Ukivuta haraka, hapana pata kitu."

Siku hiyo sikuambulia kitu. Vidole viliacha kuwa vyangu kabla ya saa sita, lakini macho yalikuwa yamenasa pale juu ya maji. Nilishindwa kuacha kuwaza kwamba chini ya utulivu ule kulikuwa na viumbe hai wamesimama, wanapumua kidogo kidogo, wakiungoja msimu mwingine. Wamekaa wakitazama wapi? Wanajuana?

Nilipofika nyumbani vitunguu na nyanya vilikuwa vimekatwa, mafuta yako kwenye sufuria, na maji ya ugali yanachemka. Mama akaangalia ndoo.

"Wako wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akaketi.

"Ngoja. Wanamvua."

"Ndiyo."

"Wanampiga picha."

"Wengine."

"Halafu wanamrudisha kwa maji, mzima." Akafikiri. "Sasa huyo samaki akifika kwa wenzake, anawaambia ametoka wapi?"

Tulicheka mpaka maji ya ugali yakafurika jikoni. Usiku ule alikula zaidi kidogo, nami nikapata matumaini makubwa kupita kiasi.

Tangu hapo jambo hilo likawa mazungumzo yetu. Nilipotoka kazini niliingia maktaba, na huko nikasoma habari iliyonishangaza: besi si wa kwetu. Aliletwa Naivasha na wazungu, kutoka Amerika, zamani kabla Mama hajazaliwa. Na huko kwao Amerika kuna maziwa yanayoganda juu wakati wa baridi, naye besi hukaa chini akiwa baridi na mzito, sawasawa na perchi wa Perry Barr. Nilikimbia nyumbani na habari hiyo kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Niliona nimepata hoja yangu.

"Unaona, Mama?" nikamwambia. "Yule samaki unayemwita wa nyumbani alikuwa mgeni. Alitolewa kwenye baridi akatiwa kwenye joto, akazoea, akazaana. Hata mtu anaweza kuzoea."

Mama alikuwa anachambua sukumawiki. Mikono yake haikusimama.

"Na kuna mtu alimwuliza?"

"Alimwuliza nani?"

"Huyo samaki. Kama anataka kuletwa."

Nikageuza mazungumzo. Nilimuuliza kama angependa kuja kuliona ziwa. Akasema ndiyo papo hapo, tena akaniambia niache ndoo nyumbani.

Jumamosi iliyofuata Mama alivaa koti langu juu ya koti lake, na kanga juu ya kofia. Mzee wa kilemba alisimama kumpokea, akampa sanduku lake la kukalia.

"Karibu, Mama. Baridi iko?"

"Iko, Mzee. Mmeiweka nyingi."

Wakaanza Naivasha, na hawakutoka huko kwa muda mrefu. Mama aliwajua wavuvi, Mzee aliujua ufuo. Mama akamwambia besi siku hizi wamepungua, na kwamba kuna samaki wengine wamelijaza ziwa. Mzee alitikisa kichwa kama anayepewa habari za jamaa mgonjwa. Mimi nilizamisha mnyoo mahali penye kina, nikamwacha pale, nikajizuia kuvuta.

Hapakuwa na mshtuko wowote. Ncha ya fimbo ilipata uzito tu, kama mtu ameweka mkono juu yake. Niliinua polepole, na huyo akatoka, perchi mnene kuliko nilivyotarajia, kijani, milia myeusi, mapezi mekundu, na ule mdomo. Mama alikuwa ameshasimama.

"Ni yeye," akasema. "Si yeye, lakini ni yeye."

Alinyoosha mikono ampokee, na Mzee akamzuia kwa upole. "Kwanza maji, Mama. Mikono iwe baridi kama yeye. Mkono moto nachoma ngozi yake."

Mama, ambaye mikono yake ilikuwa imepara magamba ya samaki wasiohesabika, akainama ukingoni, akavunja kijibarafu, akatumbukiza mikono yote miwili. Sikusikia hata akiguna. Kisha nikamkabidhi. Alimshika kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimshika samaki, akamfunua shavu kidogo kwa kidole, akamtazama jicho kwa jicho. Samaki naye alifungua mdomo na kuufunga.

"Maisha yangu yote," akasema, "sijawahi kumshika akiwa bado anataka kwenda."

Alimteremsha majini bila kumwachia. Perchi alikaa viganjani mwake, mashavu yakifunguka na kufungika, kama hajaamini. Kisha akapiga mkia mara moja tu, mikono ya Mama ikabaki mitupu ndani ya maji. Mzee aligeuka akajishughulisha na chupa yake ya chai.

Nilichuchumaa kando ya Mama, nikaifuta mikono yake kwa skafu yangu. Ilikuwa baridi kabisa. Nikamwuliza nililotakiwa kumwuliza kabla hajapanda ndege.

"Mama, wewe unataka nini?"

"Nataka kwenda nyumbani, Baba." Alisema hivyo bila uchungu, akiendelea kutazama mahali samaki alipozamia. "Lakini si leo. Leo nataka kumwona mwingine."

Nikaweka mnyoo mwingine. Hakuna aliyekuja tena, lakini tulikaa hadi miavuli yote ikafungwa.

Jioni ile hakukuwa na samaki, kulikuwa na ugali na sukumawiki. Mama alikula akiongea habari za perchi, akala hadi tonge la mwisho, akaipangusa sahani kwa hilo tonge. Niliipeleka sahani ile jikoni. Haikuwa na kitu. Nikafungua bomba maji yatoke kwa nguvu, nikalia.

"Baba, funga maji," akasema kutoka sebuleni. "Nakusikia."