Riwaya Niliyoiacha Nainokanoka

Kila mwaka masika yakiisha, kabla magari ya watalii hayajaanza kupigana vikumbo hapa Karatu, mimi hufunga duka langu la vitambaa kwa wiki moja nikapanda Nainokanoka, kijiji cha wafugaji kule juu milimani. Watu hunicheka. Wenzako wakitaka kupumzika huteremka kwenye joto, wewe unafuata baridi na ukungu! Waache wacheke. Kule ninaye Mama Nashipai, rafiki yangu tuliyejuana mnadani akinunua mashuka, mwanamke anayeshusha bei kwa adabu mpaka muuzaji unajiona una makosa. Mwaka huu alinipigia simu mapema. Alikuwa amemaliza darasa la watu wazima, anasoma kwa kufuatisha kidole.

"Mama Rukia, njoo na kitabu," akasema. "Lakini ukichague vizuri. Nimevichoka hivi nilivyo navyo. Na hicho kikinichosha, naacha kusoma, miwani nampa mtu."

Maneno hayo yalinikosesha raha. Mtu mzima ahangaike na herufi miaka yote hiyo, halafu aache? Nikaapa kwamba haitatokea kwa uzembe wangu.

Karatu, siku moja kabla ya kuondoka, nilimwaga vitabu vyote kitandani. Kuchagua kitabu cha likizo si mchezo, na mimi nina masharti yangu. Kiwe kinene, maana kule hakuna televisheni ya kukimbilia. Maandishi yasiwe ya kuumiza macho. Kisiwe cha kuliza, kwa sababu baridi peke yake inatosha kutoa machozi. Baba Rukia alisimama mlangoni akinitazama.

"Unakwenda kupumzika au kufanya mtihani?"

"Wewe endelea na taarifa yako ya habari," nikamjibu.

Mwishowe nikabaki na viwili. Changu kilikuwa riwaya nene niliyoitamani mwaka mzima na kujizuia hata kuifungua. Cha Mama Nashipai kilikuwa kitabu cha ufugaji bora wa ng'ombe wa maziwa, chenye picha za rangi. Mfugaji na kitabu cha ng'ombe, nini tena? Nilijipongeza kwa kweli.

Asubuhi nilipata nafasi kwenye gari la Hamisi, kijana wa mtaani kwetu anayepeleka sukari na unga kwenye maduka ya kule juu. Kwenye geti la hifadhi, wakati tunasubiri vibali vikaguliwe, uvumilivu ukanishinda. Nikafungua riwaya. Mwanamke yumo kwenye treni ya kwenda Tabora. Treni inasimama kituo ambacho si chake. Anamwekea abiria asiyemjua mkoba mapajani, anashuka, harudi. Loo! Nilisoma mpaka Hamisi akaniuliza kama naumwa.

Tulipanda msituni ndani ya ukungu mzito. Juu kabisa, kwenye ukingo wa kreta, ukungu ukafunguka, na bonde lote likawa chini yetu, ziwa likimeremeta na nyati wakionekana kama punje za mtama zilizomwagika. Nikafunga kitabu. "Subhanallah!"

"Mama, kila mwaka unashangaa vilevile," Hamisi akasema.

"Na wewe ungeshangaa kama usingelazimika kutazama barabara."

Nainokanoka tulifika mchana, upepo ukivuma kweli kweli. Mama Nashipai alitoka kunipokea. "Takwenya!" akaniamkia kwa lugha yao. "Iko!" nikaitikia. Kisha habari, moja baada ya nyingine, kama desturi ya pale: ng'ombe, watoto, majani, wagonjwa, njia. Hakuna anayeruka kitu. Ninaipenda sana desturi hiyo, kwa sababu mjini mtu hukuuliza habari huku ameshakupa mgongo. Tulipokwisha kunywa chai ya maziwa, nikamkabidhi kitabu chake kwa mikono miwili.

Akakifungua taratibu, akaangalia picha. "Ashe. Ahsante sana." Halafu akakiweka juu ya sanduku, pamoja na vingine. Nikavitupia jicho. Kunawa mikono. Chanjo ya mbuzi. Lishe ya mtoto. Choo bora.

"Hukukipenda," nikasema.

Akacheka, akajifunika mdomo kwa shuka. "Usikasirike, Mama Rukia. Tangu nijue kusoma, kila mtu ananiletea onyo. Osha hiki, chanja kile. Ng'ombe ninao hapo nje. Kitabuni nataka kitu ambacho sina."

Aibu ilinishika. Nami nikinunua kitabu, ni lini nimewahi kununua cha kupima vitambaa?

"Na hicho ulichokikalia?" akauliza.

Riwaya yangu! Nilikuwa nimeiweka chini ya paja. Nikaitoa polepole, na roho ikiniuma. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na neno kwa neno yule mwanamke akapanda treni upya. Aliposhuka na mkoba ukabaki, Mama Nashipai akanishika mkono. "Ameuacha! Kwa nini ameuacha?"

"Amemkimbia mume."

"Hapana. Anayekimbia haachi mzigo wake kwa watu."

Basi likizo yangu ikawa hiyo. Kila siku baada ya kukamua tuliketi upande wa nyumba wenye jua, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikisikiliza. Sharti lilikuwa moja: hakuna kumtangulia mwenzako. Mimi ni mtu wa haraka, jamani, niliteseka. Macho yangu yalikuwa mwisho wa ukurasa wakati kidole chake bado kimekwama juu.

Siku moja alifika kwenye aya ndefu, akakwama, akarudia, akakwama tena. Akavua miwani. "Akili yangu imezeeka. Malizia wewe."

Nikakumbuka maneno yake ya kwenye simu. Miwani ilikuwa imeshakunjwa. Nikachukua kitabu nikaanza kusoma, na kwa uchu niliokuwa nao nikateleza kurasa mbili bila kupumua. Akaniwekea mkono juu ya maandishi.

"Wewe unasoma kama magari ya watalii yanavyopita hapa. Vumbi tu. Hebu lete."

Akavaa miwani, akarudi kwenye aya ileile iliyomshinda. Ilimchukua muda mrefu, na aliimaliza. Nilimtazama Mama Nashipai, upepo ukimpiga, kidole kikitembea, nikamheshimu kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku ya kurudi tulikuwa nusu tu ya kitabu. Hamisi anapiga honi, na Mama Nashipai amekwisha kuifunga riwaya ndani ya kanga. "Chako, mgeni. Nenda nacho."

Nilikitaka! Sifichi. Njia nzima ningesoma, na kabla ya kulala ningejua kila kitu. Lakini nilimwona asivyoweza kukiachia vizuri, nikakirudisha kifuani pake. "Kaa nacho. Mimi nitapata kingine." Nikapanda gari nimenuna hadi getini, Hamisi hakuthubutu kunisemesha.

Karatu, nilirudi kwenye mita na mkasi. Nilichojifunza nimekiweka: kitabu cha kumpa mtu usikichague kwa kutazama kazi yake, kichague kwa kutazama hamu yake. Lakini kujifunza hakukunipa usingizi. Wiki zikapita kimya, nami nikawa naogopa kuuliza kama bado anasoma.

Ndipo simu ikalia, nikiwa nampimia mteja kitambaa. Upepo wa Nainokanoka ulisikika kabla yake.

"Mama Rukia, nimefika mwisho. Peke yangu. Hakuna aliyenisaidia hata neno."

"Na mkoba? Aliuacha kwa nini?"

"Sikuambii. Njoo usome." Akacheka mpaka mtandao ukakatika.

Nilikaa juu ya majora ya vitambaa, machozi yakinitiririka. Mteja akaacha kitambaa, akanisogelea kwa huruma. "Pole, mama. Kuna msiba?"

"Hapana," nikamwambia. "Mwenzangu amemaliza kitabu."