Mkate wa Mayai Aliousimulia Fredy

Mvua zilipogoma mwaka wa pili mfululizo na pamba ikakaukia shambani, Makoye alimwacha mkewe Lusia na watoto Mhunze, akaenda kuchimba dhahabu karibu na Bugarama. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mzito wa maneno. Huko machimboni akapangwa kufanya kazi pamoja na Fredy, mwanamume aliyeanza kuongea anaposhuka kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimbia, na hakunyamaza mpaka anapotoka. Watu walimwita Fredy Mjini kwa jinsi alivyoisifia Shinyanga, kana kwamba aliijenga yeye. Jina la baba yake hakuna aliyelijua. Machimboni watu huja kutoka kila kona ya nchi, na mtu akishapewa jina la utani, hilo linatosha.

Duara lao liliporomoka asubuhi moja, wakiwa ndio kwanza wameanza kazi. Makoye alisikia miti inayoshikilia kuta ikilia, akageuka kukimbilia kamba, na kifusi kikamkuta hapo hapo. Alipopata fahamu, mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa na hakuona hata mkono wake mwenyewe. Fredy alikuwa upande wa pili wa kifusi. Hawakuweza kuonana, lakini walisikiana.

Walipiga kelele, wakagonga mawe, wakasali kila mtu kwa namna yake. Walipochoka, Fredy akamuuliza Makoye akitoka humo atakula nini kwanza. Makoye akasema michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa mgando. Fredy akacheka, akasema hicho ni chakula cha mtu asiyeujua mji. Yeye ataenda Shinyanga kula mkate wa mayai.

Makoye akamwambia mkate wa mayai hata Mhunze upo.

"Si huo," alisema Fredy. "Kuna mwanamke mmoja pale mjini. Ukila wake, mingine yote utaiona kama sponji iliyolowa."

Akaanza kueleza. Mkate uwe wa jana, usiokatwa kiwandani. Yeye anaukata mwenyewe kwa kisu, vipande vinene. Mayai anayapiga na maziwa mabichi, anakwangulia ganda la ndimu kidogo, sukari haweki kabisa. Anakaanga kwa samli ya kienyeji, makaa yakiwa yamepoa, taratibu, mpaka pembeni panakauka na katikati panabaki laini. Makoye hakuwa na hamu ya kusikia habari za mkate, lakini aligundua kwamba Fredy akieleza, sauti yake inapata nguvu. Kila aliponyamaza, Makoye alimtupia swali. Ndimu au limau? Kipande kinene kiasi gani? Anauza asubuhi tu au mpaka jioni? Fredy alijibu yote, akaahidi kwamba siku wakitoka atampeleka mwenyewe. Majibu yakaanza kuchelewa. Halafu Makoye akauliza swali, akalirudia, akaita jina, na upande wa pili hakukuwa na kitu.

Waokoaji walimfikia Makoye akiwa hai. Fredy walimtoa baada yake, amekufa. Simu yake ilikuwa imebaki chini ya kifusi, na hakuwa na karatasi yoyote mfukoni. Uongozi wa kijiji ukatoa tangazo redioni kwamba anatafutwa ndugu wa mchimbaji aitwaye Fredy. Hakuja mtu. Wachimbaji wakachanga, wakamzika Bugarama. Makoye alizisikia habari hizo akiwa amelazwa, mguu umefungwa vyuma.

Alirudi Mhunze akitembelea fimbo. Majirani walikuja kumpa pole na kumshukuru Mungu, naye aliitikia, lakini hakuwa pamoja nao. Kila chakula alichoweka mdomoni kilikuwa na ladha ya udongo. Lusia alimpikia kila kitu alichokipenda zamani, akavumilia kuona sahani inarudi jikoni ilivyokwenda. Kilichomtesa Makoye zaidi ni wazo moja: mahali fulani kuna mtu anayemsubiri Fredy, au anayemlaani kwa kutorudi, na hajui. Na yeye, Makoye, hana jina la mtu huyo wala mtaa. Ana mkate tu.

Alipomwambia Lusia kwamba anataka kwenda Shinyanga kutafuta mkate wa mayai, Lusia alimtazama sana.

"Mimi nakupikia hapa huli," alisema. "Halafu unataka kwenda kuzunguka mji unakula mikate?"

Ndipo Makoye akamsimulia yote yaliyosemwa chini kule. Hakuwa amemsimulia mtu yeyote. Alisimulia akitazama ukutani, na alipofika pale ambapo Fredy hakujibu, alishindwa kuendelea. Kesho yake Lusia alituma mtu sokoni akaletewa mkate, akatafuta samli na ndimu, akamwita mumewe jikoni amwelekeze. Mkate wa kwanza uliungua. Wa pili ulikuwa mzuri, lakini Lusia alijua si wenyewe. Alichotaka ni Makoye aijue harufu.

"Ukiisikia hiyo mahali," alimwambia, "uliza."

Huko Shinyanga Makoye akafikia kwa shemeji yake Abel, kaka wa Lusia, anayeishi Ndembezi. Kila asubuhi alichukua bajaji mpaka mjini, kisha akatembea na fimbo yake. Alianzia stendi ya mabasi. Hapo mkate ulikuwa unaelea kwenye mafuta yaliyotumika tangu jana, na alipoubonyeza yalichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akaenda karibu na stesheni ya reli, akapewa mkate wenye vitunguu na pilipili ndani ya mayai. Kwenye hoteli moja ya watumishi wa ofisini walimletea na uma na tomato, mtamu kama keki. Sokoni alipata mmoja mzuri kweli, watu wamepanga foleni, lakini ulikaangwa kwa alizeti na ulikuwa wa slesi za kiwandani.

Kila mahali aliuliza kama wanamfahamu Fredy, mtu mwongeaji, mrefu, mwenye pengo mbele. Wengine walimjibu vizuri. Wengine walidhani ni askari kanzu au mtu anayedai. Mpishi mmoja alimwambia wazi kwamba kama hali, ampishe mwenye njaa akae. Kweli, Makoye alikuwa anakula kipande kimoja kwa shida, akishushia na maji, na jioni alirudi kwa Abel mguu umevimba. Abel alimshauri aache. Alisema marehemu amekwishazikwa, na kwamba huzuni inaweza kumfanya mtu aone kazi pasipokuwa na kazi. Makoye alikiri moyoni kwamba huenda ni kweli. Lakini kulipokucha aliondoka tena.

Aliyemsaidia ni Scolastika, mama mtu mzima anayeuza chai karibu na soko. Makoye alikaa kwenye benchi lake kupumzisha mguu, akamwamkia, akaulizwa habari za huo mguu, na kidogo kidogo akajikuta ameeleza mkate anaoutafuta.

"Samli na ndimu," alirudia Scolastika. "Huyo ni Vumilia. Nenda Ngokolo, uliza mashine ya kukoboa. Yuko nyuma yake. Lakini siku hizi ana hasira, usije ukamtania."

Harufu aliisikia kabla ya kuona jiko. Vumilia alikuwa mwanamke mwembamba, kitenge amekifunga kwa nguvu kiunoni, akigeuza vipande kwenye kikaango bila haraka huku wateja wakimsubiri bila kulalamika. Makoye akamwomba dada huyo vipande viwili. Alipouma, pembeni palivunjika na katikati palikuwa laini, na kwa mara ya kwanza tangu atolewe shimoni, hakusikia ladha ya udongo. Alisikia mayai, maziwa na ndimu kwa mbali. Akabaki amekishika kipande bila kuuma tena.

Vumilia alimwona, akamuuliza kama mkate una kasoro. Makoye akasema hauna. Akamuuliza, kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie, kama anamfahamu mtu anayeitwa Fredy.

Mwanamke yule akaacha kugeuza.

"Amekutuma?"

Makoye akajiegemeza kwenye fimbo yake.

"Mwambie aje mwenyewe," alisema Vumilia. "Anajua nyumba ilipo. Asitume mtu mzima na fimbo yake aje kunichunguza kwa kula mkate."

"Shemeji," alisema Makoye, "naomba tukaongee ndani."

Muda wote alikuwa anamwita dada. Vumilia alilisikia lile neno, akamtazama mguu, akatazama fimbo, akatazama uso. Aligeuza vipande vyote vilivyobaki mpaka vikaiva, akavifunga kwenye karatasi, akawapa wateja wake mmoja mmoja, akachukua jagi la maji akamwagia makaa. Ndipo akatangulia kuingia ndani.

Makoye alimweleza, safari hii bila kutazama ukuta. Vumilia alisikiliza amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza, mikono imelala mapajani. Makoye alipomaliza, Vumilia akasema kwamba tangazo alilisikia. Alikuwa anapiga mayai asubuhi, redio ya jirani ikasema anatafutwa ndugu wa Fredy, mchimbaji. Akajiambia Fredy ni wengi. Akaendelea na mayai.

Alikuwa mke wa Fredy. Waligombana kwa sababu yeye alitaka mumewe abaki mjini na Fredy alitaka kujaribu bahati yake machimboni, wakaambiana maneno mabaya mbele ya mtoto wao. Fredy alipofika Bugarama alipiga simu mara nyingi, na Vumilia hakupokea. Alitaka asikie uchungu kidogo. Simu zilipokoma, akaamini amepata mwanamke mwingine, na hasira ikamsaidia kuamka kila siku kuwasha jiko.

"Alinitaja?" aliuliza.

Makoye angeweza kusema ndiyo. Alilifikiria hilo baadaye mara nyingi.

"Jina hakulitaja," alijibu. "Alisema kuna mwanamke mmoja mjini. Basi mengine yote yalikuwa ni mkate wako, unavyoukata, unavyoukaanga. Aliongelea hilo tu mpaka mwisho."

Vumilia akainama akajifunika uso na kitenge. Makoye akabaki amekaa, hajui kama amemponya au amemwumiza zaidi.

Lusia alikuja kutoka Mhunze, na wote watatu wakaenda Bugarama kuliona kaburi. Vumilia alitaka pia kuliona duara. Lilikuwa limefukiwa, na hatua chache pembeni watu walikuwa wanachimba lingine. Makoye alisimama mbali, jasho likimtoka ingawa palikuwa na baridi, mpaka Lusia akamshika mkono akamrudisha barabarani.

Msiba ukawekwa Shinyanga. Kaka zake Fredy walifika, na mambo hayakuwa mepesi. Walisema Vumilia ndiye aliyemfukuza ndugu yao nyumbani kwa mdomo wake. Mkubwa wao, Donatus, akamgeukia Makoye mbele ya watu wote akamuuliza imekuwaje wawili waingie shimo moja, yeye atoke na ndugu yao abaki. Makoye alijibu kwamba hajui. Alisema hakuweza kumfikia, mguu ulikuwa umebanwa. Donatus hakumwamini, au alimwamini na haikumsaidia. Lusia, aliyekuwa na wanawake wakichambua mchele, alisikia kila neno akaendelea kuchambua, machozi yakimdondokea kwenye ungo.

Abel alimshauri shemeji yake waondoke kabla usiku haujaingia. Makoye akakataa. Alibaki mpaka msiba ulipoanuliwa, amekaa kwenye kiti kile kile pale uani, akiwasalimia wote waliokuja, wakiwemo wasiomwitikia.

Siku ya kuondoka, Vumilia aliwasindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amekonda zaidi. Jiko alikuwa hajaliwasha tena na hakujua atalisha mtoto kwa biashara gani. Alimshukuru Lusia, kisha akamvuta Makoye pembeni.

"Yale ya mkate," alisema, "umewaambia hawa shemeji zangu?"

Makoye akasema hapana, hawakuuliza Fredy alichokuwa anaongea.

"Usiwaambie. Mengine yote wayajue, wanitukane wakitaka. Hilo niachie mimi."

Makoye akakubali, na mpaka leo amelishika neno hilo. Hajarudi machimboni. Anatengeneza baiskeli kwenye kibanda kidogo pale Mhunze, mlango ukiwa wazi hata upepo ukijaza vumbi ndani. Anakula vizuri sasa. Wateja wanasema amekuwa mwongeaji kuliko zamani. Baiskeli ikiwa inachukua muda, yeye huuliza swali moja baada ya lingine, na mtu akichelewa kujibu, huinua kichwa haraka kumtazama.