Mbwa Aliyesemewa na Baba

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa kusoma Kiingereza kwa sauti mbele za watu. Hata leo nikisikia harufu ya vumbi linaloungua ndani ya televisheni ya zamani, uso unapata moto, narudi fleti yetu ya ukimbizini, mtaa wa Umbilo, miaka ya tisini ikielekea mwisho.

Jumapili baada ya ibada, majirani Wakongo na Warundi walijaa kwetu kuangalia kanda ya video ambayo baba alipewa kazini: filamu ya zamani, isiyo na rangi wala sauti, na mchezaji wake mkuu alikuwa mbwa. Mweusi, sikio moja jeupe, aliigiza kuliko watu. Akihuzunika aliteremsha kichwa polepole, na chumba kizima kikahuzunika naye. Baba aliwasemea wahusika wote kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye ukumbi wa video mjini kwetu Uvira.

"Papa Josué, huyu mbwa iko anasema Kifuliru?" mzee mmoja alimtania baba, akitaja lugha ya kwetu Uvira.

"Iko anasema yote. Ni wewe tu haumusikie."

Kisha mtoto wa kwenye filamu akapotea mtoni. Mbwa alirudi peke yake, amelowa, akalala mlangoni kwa mama wa mtoto. Maandishi ya Kiingereza yakatokea. Baba akasema kwa sauti ya mbwa: "Usilie, mama. Mutoto iko muzima, iko nyuma yangu."

Mama Riziki, jirani wa ghorofa ya chini, aliacha kutafuna. Mimi nikasimama na kuyasoma maandishi kwa sauti, kosa la baba likiniwasha kama upele.

"Hapana, baba. Imeandikwa mbwa amerudi peke yake. Mtoto hajulikani aliko."

Baba hakunigombeza. Mama Riziki alikaza kitenge chake, akasema ameacha sufuria motoni, akatoka. Filamu iliendelea bila mtu wa kuisemea. Mwishoni mbwa alimvuta mtoto kutoka kwenye majani, mzima. Baba alikuwa ameshaiona kanda ile.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza kwamba Mama Riziki alipotezana na mwanawe njiani siku walipokimbia vita, na kwamba baba alisoma maandishi yale vizuri kama mimi. Nawaambia ninyi kwamba mbwa alimpata mtoto, kwa sababu Mama Riziki sikuwahi kumwambia.

Makosa ya watu bado yananinyima raha. Lakini siku hizi, kabla sijamsahihisha mtu, naangalia kwanza nani amekaa chumbani.